Sindano ya Mgongo: Kinachotafutwa Ndani Yake Ni Nini?



Wapenzi wasomaji, tumepokea barua na ujumbe wa simu kutoka kwa akina mama wa Mombasa, Kilifi na Lamu, wote wakiuliza jambo moja kwa maneno mbalimbali: daktari anataka kumtoa mtoto maji ya mgongo, je, tukubali? Mmoja ameandika kwamba mama mkwe wake amemwapia kuwa mtoto wa jirani alidungwa sindano hiyo akafa siku ya pili. Mwengine auliza ikiwa maji hayo yakishatolewa hurudi. Wa tatu, na swali lake ndilo lililotukalisha kuandika, asema hivi: kama wanatafuta ugonjwa, si damu yatosha? Damu huzunguka mwili mzima, kuna haja gani ya kwenda kugusa mgongo wa mtoto mdogo?

Swali la tatu ni zuri mno, na tutaanza nalo, kwani mwenye kulielewa hilo mawili ya kwanza humjia yenyewe. Sisi si matabibu. Lakini kwa miaka kadhaa sasa tumekuwa tukifuatana na jamaa wa wagonjwa wanaopandishwa Nairobi, tukalala nao katika nyumba za wageni za River Road, tukakaa nao katika mabenchi ya hospitali, tukawauliza madaktari yale ambayo mama mwenye mtoto mgonjwa huona haya kuyauliza. Haya tunayoandika ni yale tuliyofundishwa, tukayasoma, tukayahakikisha.

Ubongo pamoja na kamba ya neva inayopita ndani ya uti wa mgongo umezungukwa na maji angavu, mfano wa maji ya mvua yaliyotuama. Kwa mtu mzima maji hayo hayazidi sana mililita 150, yaani finjani mbili tatu za kahawa chungu. Mwili hutengeneza karibu mililita 500 kila siku, kwa hivyo yote hubadilishwa mara tatu au zaidi baina ya alfajiri na alfajiri. Basi dada yetu aliyeuliza kama maji hurudi, jibu lake ni hilo. Mtoto hutolewa kiasi kisichojaza kijiko cha chai, na kabla ya siku kupinduka mwili umeshakilipa.

Ama sindano yenyewe, haiigusi ile kamba ya neva. Kamba hiyo kwa mtu mzima huishia usawa wa pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Kwa mtoto mchanga hushuka kidogo zaidi. Sindano huingizwa chini ya hapo, ambako zimebaki nyuzi za neva zinazoelea majini na kusogea zikiguswa. Njia hii ilianzishwa na tabibu wa Kijerumani aitwaye Heinrich Quincke mwaka 1891, na tangu hapo imefanywa kwa mamilioni ya watu. Kichwa kuuma baada yake ni jambo la kawaida. Hatari ya kweli ipo pale ambapo ndani ya fuvu mna msukumo mkubwa, au damu ya mgonjwa haigandi, au ngozi ya mahali pa kudungwa ina kidonda. Na ndiyo sababu daktari humkagua mtoto kwanza, na pengine huiahirisha sindano na kuanza dawa. Mzazi ana haki ya kuuliza: mmekwisha kuangalia haya? Kuuliza hivyo si utovu wa adabu.

Sasa turudi kwenye damu na maji. Msomaji aliyewahi kuingia nyumba kongwe ya Lamu au ya Mji wa Kale ataufahamu mfano huu kwa haraka. Nyumba ina daka la nje, ambapo mpita njia huketi, mgeni huzungumza, muuza samaki hutua kapu lake. Kisha mna kiwanda. Kisha mna ndani, mahali pa wenyewe, ambapo haingii ila aliyeruhusiwa. Damu ndiyo daka: kila kitu hupita hapo. Ubongo ndio ndani. Na baina yao Mwenyezi Mungu ameweka kizuizi katika kuta za mishipa midogo ya ubongo, zilizobanana hata vitu vingi viendavyo na damu haviwezi kupenya.

Virusi vinapoingia mwilini, mwili hutengeneza kingamwili. Hivi ni vijipande vya protini ambavyo kila kimoja hufinyangwa kwa umbo la adui mmoja, kama ufunguo na kitasa chake. Ziko za namna mbili zinazotuhusu leo. Ya kwanza kutokea huitwa IgM. Ni kubwa, vipande vitano vilivyofungamana, na kwa kawaida hudumu kwa muda tu kisha ikapungua. Ya pili huitwa IgG. Ni ndogo, huja baadaye na hukaa miaka mingi, hata umri mzima. Mtu aliyeugua surua utotoni, au aliyechanjwa, atakuwa na IgG ya surua katika damu yake akiwa babu.

Hapo ndipo damu inaposhindwa kujibu swali la mama yetu. Kupata kingamwili katika damu ni sawa na kuwakuta watu darakani wakizungumzia moto: yawezekana nyumba inaungua sasa, na yawezekana wanasimulia moto wa mwaka juzi wa mtaa mwengine. Lakini ukiwakuta watu wenye ndoo za maji mle ndani, chumbani kwa wenyewe, moto umo humo. IgM kwa ukubwa wake ni shida kupita kizuizi. Ikipatikana IgM ya kirusi fulani ndani ya maji ya mgongo, madaktari husema imetengenezwa humo humo, na askari waliofanya kazi hiyo wameingia kwa sababu adui ameingia.

Je, na IgG? Hii ni ndogo, na kiasi kidogo chake hupenya kila siku bila ya ugonjwa wowote, sehemu moja tu katika mia kadhaa ya kilichomo katika damu. Isitoshe, ugonjwa wenyewe waweza kuulegeza mlango, vitu vya darakani vikamiminika ndani. Kwa hivyo wajuzi wa maabara walibuni hila nzuri. Iko protini iitwayo albumini, ambayo hutengenezwa katika ini peke yake. Haizaliwi ubongoni kabisa. Ikionekana nyingi katika maji ya mgongo, basi mlango ulikuwa wazi, na IgG iliyoonekana nayo pengine imeingia kwa mlango huo huo. Ikiwa albumini ni kidogo kama kawaida lakini IgG ya kirusi fulani imezidi mno, basi IgG hiyo ni mwana wa nyumbani. Hesabu hii haifanyiki ila damu na maji vichukuliwe wakati mmoja na kupimwa pamoja. Akina mama hulalamika: wametoa maji, na damu tena? Naam, na damu tena, na sababu ni hiyo.

Elimu hii ina sehemu yake katika ardhi yetu ya Afrika Mashariki. Mwaka 1937, katika wilaya ya West Nile kule Uganda, mwanamke mmoja mwenye homa alitolewa damu na watafiti wa taasisi ya homa ya manjano iliyokuwa Entebbe, na ndani ya damu ile kikapatikana kirusi kilichokuwa hakijulikani. Wakakiita kwa jina la mahali, West Nile. Kwa miaka mingi watu wa mataifa makubwa hawakukishughulikia. Kisha, mwishoni mwa Agosti 1999, katika mtaa wa Queens jijini New York, wazee wakaanza kulazwa wakiwa na homa, kuchanganyikiwa akili na udhaifu wa viungo. Wakatolewa damu na maji ya mgongo, zikapatikana kingamwili, na mamlaka ya afya ya Marekani ikatangaza kuwa ni ugonjwa wa ubongo ujulikanao kwa jina la mji wa St. Louis.

Haikuwa hivyo. Wakati huo huo kunguru walikuwa wakianguka wakifa mjini, na ndege wa bustani ya wanyama ya Bronx nao wakifa, na daktari wa bustani ile, bibi Tracey McNamara, akashikilia kwamba maradhi ya St. Louis hayaui ndege namna ile. Alisumbua watu mpaka wakamsikiliza. Kabla ya Septemba kwisha ikabainika kuwa kirusi ni kile cha Uganda. Watu 62 waliugua mwaka ule katika eneo la New York, na saba wakafariki. Kingamwili hazikusema uongo kuwa vita vilikuwa ubongoni. Zilichokosea ni jina la adui, kwa kuwa virusi hivi viwili ni ndugu, na ufunguo uliofinyangwa kwa mmoja huingia katika kitasa cha mwengine.

Tumelisimulia hili kwa makusudi, maana linatuhusu sisi wa Pwani kuliko wengi. Homa ya dengi, ambayo imezuka Mombasa mara kwa mara tangu 2013, ni ya ukoo huo huo pamoja na West Nile na homa ya manjano. Watu wengi wa Mombasa wanatembea na kingamwili za dengi katika damu bila ya kujua. Mtu kama huyo akiugua ubongo, karatasi moja ya maabara yenye neno "imepatikana" haitoshi kuamua kitu. Ndugu zetu wa Tana River na Garissa nao wanalo lao: homa ya Bonde la Ufa, ambayo kirusi chake kilitambuliwa kwa kondoo wa shamba la karibu na Naivasha, habari zake zikachapishwa 1931. Mlipuko wa Desemba 2006, uliokutana na siku za kuchinja, uliua watu zaidi ya 150 katika Kenya. Kwa wachache kati ya wanaoupata ugonjwa huo, chini ya mmoja katika mia, ubongo hushikwa wiki moja hadi nne baada ya homa ya kwanza, wakati mtu anadhani amepona. Kirusi chenyewe wakati huo mara nyingi hakionekani tena. Kilichobaki kushuhudia ni kingamwili.

Lakini asije mtu akafahamu kwamba sindano ya mgongo hupigwa kwa ajili ya kingamwili tu. Kingamwili huchelewa; siku za mwanzo, na pengine wiki nzima, huwa hazijatokea. Sababu ya kwanza ya kutolewa maji kwa haraka ni kutafuta bakteria wa homa ya uti wa mgongo, ambao huua kwa saa na ambao dawa yao ipo. Ya pili ni kutafuta chembe za kirusi chenyewe kwa kipimo cha PCR, hasa kirusi cha hepesi, ambacho kikiingia ubongoni huutafuna, na ambacho dawa yake, asikloviri, huanzwa kabla ya majibu kurudi. Madaktari wa Kilifi, ambako taasisi ya KEMRI na wenzao wamewatibu na kuwachunguza watoto wenye kupoteza fahamu tangu 1989, wameeleza kwa muda mrefu kwamba malaria ya ubongo na homa ya uti wa mgongo hazitofautishwi kwa kumtazama mtoto. Hata vidudu vya malaria vikionekana katika damu, kwetu Pwani mtoto aweza kuwa navyo na kinachomuua kikawa kingine. Yule mtoto wa jirani aliyefariki siku ya pili, basi, tunamwombea Mola amfanye kitangulizi chema kwa wazazi wake. Lakini watoto wanaodungwa sindano ile ni wale ambao tayari wako taabani.

Tuje sasa River Road.

Msomaji asiyeifika aijue hivi. Basi la Mombasa hukushusha alfajiri, baridi ikikukata, katika njia zilizobanana baina ya River Road na Accra Road. Iko hata Duruma Road hapo karibu, na mtu wa Pwani akiisoma bango lile hutabasamu kidogo. Chini ni maduka ya spea, simu na maduka ya dawa. Juu yake, ukipanda ngazi nyembamba, ni vyumba vya kulala wageni, washonaji, na maabara. Bango la maabara huorodhesha malaria, taifodi, kisukari, mimba, na chini kabisa kwa herufi ndogo, "na vipimo vyote". Ziko zilizosajiliwa zinazofanya kazi ya haki kwa bei ambayo maskini aweza kuimudu, na hatutaki kuwavunjia heshima wenyewe. Ziko na nyengine.

Mwaka uliopita tulikaa mtaa huo na mama mmoja, ambaye ametupa idhini ya kusimulia bila ya kumtaja. Mwanawe wa kiume, mwenye miaka tisa, alikuwa mwepesi wa kuhifadhi chuoni. Ghafla akaanza kusahau alichohifadhi. Akawa mkali kwa ndugu zake. Kisha kikombe kikawa kinamponyoka mkononi, na mwili ukimshtuka mara kwa mara kama mtu anayesinzia akagutuka. Nyumbani wakasema ni majini. Alisomewa, akanyweshwa makombe, akafukizwa. Fedha zikaenda, na miezi saba ikapita. Wakati huo pia pakatajwa mtu. Wifi yake yule mama, aliyewahi kugombana naye juu ya shamba, alinong'onwa kuwa ndiye aliyemtupia mtoto, na kwa mwaka mzima hakuamkiwa wala hakualikwa.

Nairobi ami yake mtoto aliwapeleka kwanza ghorofani, kwa kuwa hospitali ina foleni. Ghorofani wakatoa damu, wakaipeleka wanakojua, na baada ya siku nne wakaleta karatasi: kingamwili za surua zimepatikana. Wakauziwa mfuko wa vidonge na sindano za vitamini. Sisi tulipoonyeshwa karatasi ile tulisema tulilokwisha kulieleza hapo juu: mtoto huyu aliugua surua akiwa na miezi saba, mama yake anaikumbuka, damu yake ingekosaje kingamwili za surua? Karatasi ilisema kweli, na kweli yenyewe haikuwa na faida yoyote.

Hospitalini daktari alitaka maji ya mgongo. Ami akapiga simu Malindi, Malindi wakapiga Doha aliko baba mtu kazini, na jioni ile simu ya yule mama haikunyamaza. Kila mmoja alikuwa na kisa cha mtu aliyepooza. Akatuuliza, "Sheikh wangu, mimi ndiye niliyemzaa, lakini mkono wangu watosha kutia sahihi, au ningoje wanaume wakubaliane?" Tukamwambia, "Binti yangu, wewe ni mzazi wake na uko naye hapa. Hospitali yakubali mkono wako, na katika dini hatujui kinachokuzuia kumtafutia mwanao tiba. Mpigie baba yake umweleze kwa upole, lakini usimfanye mtoto angoje kikao." Baba, kwa haki yake tuseme, alikubali kwa maneno mawili.

Maji yakatolewa na damu pamoja nayo. Majibu yalichukua wiki tatu: kingamwili za surua ndani ya maji ya mgongo zilikuwa nyingi kupita kiasi, nyingi kuliko damu ingeweza kuvujisha, na kipimo cha umeme wa ubongo kikaafikiana nazo. Ugonjwa huu una jina refu la kitabibu na kwa kifupi huitwa SSPE. Kirusi cha surua hujificha ubongoni kwa miaka, mara nyingi sita mpaka kumi, mtoto akiwa mzima kabisa, kisha huanza kuula polepole. Watafiti wa Belfast walikwisha kuonyesha mnamo 1967 kuwa kingamwili za surua na alama za kirusi chenyewe hupatikana kwa wagonjwa hawa, na mpaka leo kipimo cha maji ya mgongo ni miongoni mwa nguzo za kuutambua. Huwapata zaidi wavulana, na zaidi wale walioambukizwa surua wakiwa wachanga. Huko California, miongoni mwa walioambukizwa kabla ya kutimia miezi 12, hesabu ilikuwa mmoja katika 600 hivi.

Dawa ya kuuponya haijapatikana. Ziko za kuuchelewesha kwa baadhi ya wagonjwa, na za kupunguza mishtuko. Wengi hufariki ndani ya mwaka mmoja hadi mitatu. Daktari aliketi na yule mama akamweleza yote haya taratibu, kwa Kiswahili, bila ya kumficha.

Mtu aweza kusema: ikiwa dawa hakuna, sindano ilikuwa ya nini? Tulilisikia neno hili kutoka kwa ami, na tulimwelewa, lakini hatukukubaliana naye. Usiku ule katika chumba cha wageni cha River Road, matatu zikipiga honi chini ya dirisha, yule mama alimpigia wifi yake. Hatukusikiliza walichosemezana. Siku ya pili wifi alituma fedha ya nauli. Makombe na mafukizo yakakoma, na kwa hayo deni likakoma. Na mdogo wake mtoto, aliyekuwa na miezi minane, akaandikiwa tarehe yake ya chanjo.

Hatukanushi kuwepo kwa majini, na kumsomea mgonjwa ni jambo jema. Lakini mwenye kusoma na afya isome, na hospitali ifanye kazi yake. Moja halikuwekwa liizuie jengine. Mwalimu yeyote wa ruqya anayemwambia mama asimpeleke mtoto hospitali amechukua dhamana asiyoweza kuilipa. Vivyo hivyo kwa degedege, ambayo bado wako wazee wetu wanaoiita nyuni na kumtafuta ndege wa angani ilhali mtoto anaungua kwa homa mikononi mwao.

Kuhusu chanjo tuseme kidogo, kwa kuwa maneno ni mengi. Kenya huchanja surua mtoto akiwa na miezi tisa na tena akiwa na miezi kumi na minane, na tangu 2016 sindano hiyo imechanganywa na ya rubela. Katika kliniki za serikali ni bure. Kabla ya miezi tisa mtoto huishi kwa kingamwili alizopewa na mama yake tumboni, nazo hupungua mwezi hata mwezi. Mtoto wetu wa River Road aliugua katika pengo hilo, wala mama yake hakuwa na kosa. Yeye alihitaji wengine wanaomzunguka wawe wamechanjwa. Mlipuko wa surua uliosambaa nchini kuanzia 2005 ulianzia Eastleigh, mwendo mfupi kutoka mtaa huo tunaousema. Ama ile khofu kwamba chanjo ndiyo iletayo SSPE, wapimaji walichukua virusi kutoka bongo za wagonjwa wakavilinganisha, wakakuta ni vya surua ya mitaani, si vya chanjo.

Wako wanaouliza juu ya uhalali wake kwa sababu ya gelatini. Wanavyuoni waliokutana Kuwait mwaka 1995 walilitazama suala la kitu kugeuka dhati yake, na wakaona gelatini iliyogeuka hivyo huwa tohara. Baraza la Maulamaa la Indonesia lilichukua njia nyengine mwezi wa Agosti 2018: lilisema chanjo ya surua na rubela iliyotumika nchini mwao ilitumia kitu chenye asili ya nguruwe, na pamoja na hayo likaruhusu itumike kwa kuwa dharura ipo na badala haipo. Njia mbili, na zote zimemfikisha mtoto kliniki.

Yamebaki maswali madogo ya ibada. Je, kutolewa maji ya mgongo huvunja udhu? Katika madhehebu yetu ya Shafii, kinachotoka mwilini kwa isiyokuwa njia mbili zijulikanazo hakivunji udhu, kwa hivyo hapana. Hata hivyo ikiwa mgonjwa alipoteza fahamu au alipewa dawa ya kumlaza, udhu wake umekwenda kwa sababu hiyo. Je, huharibu saumu? Kutoa maji si kuingiza kitu, lakini mgonjwa wa namna hii ana ruhusa ya kula, na aitumie. Aliyeambiwa alale chali kwa saa kadhaa baada ya sindano asali hivyo hivyo alivyolala, kwa ishara ya kichwa, na ikimuuma kichwa basi kwa macho. Na mama aliyekaa naye, ikiwa hawezi kumwacha mtoto mpaka wakati ukawa mfinyu, asali pale pale pembeni mwa kitanda. Wauguzi wa Nairobi wamelizoea jambo hilo na mara nyingi humpisha mahali.